WAZEE WENYE KISUKARI TUSIWAKALISHE TU

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Wanisamehe, lakini kwa mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni, kujikwaa ndiko kuanguka kwenyewe.

Sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi huharibu neva, na zile ndefu za kwenda miguuni ndizo hutangulia kuumia. Nyayo hazihisi ardhi sawasawa tena. Basi mtu hutembea kwa macho na akili. Kila hatua anaifikiria. Mpe jambo jingine la kufikiria, anayumba. Mwaka wa 1997 watafiti wa Uswidi walichapisha habari za wazee 58 waliozungumzishwa huku wakitembea. Wazee 12 walisimama kwanza ndipo wazungumze. Kati ya hao, 10 walianguka katika muda wa miezi 6. Je, asiyehisi nyayo zake itakuwaje?

Nasi nyumbani tunafanyaje? Tunawakalisha. Nyanya yangu akitaka hata kuchuma mboga, utasikia, "Keti, Nyanya, utaanguka!" Nia ni njema, lakini miguu isiyotumika hudhoofika. Isitoshe, siku ya kliniki nani atamkalisha? Atashuka matatu akihesabu chenji, naye makanga anapiga kelele, "Haraka, mama!"

Maoni yangu ni kwamba mazoezi ya miguu yaende pamoja na ya akili. Mgonjwa ashike meza nzito, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 akitoa 3: 97, 94, 91. Akizoea, atembee kando ya ukuta akitaja majina ya wajukuu au bei za sokoni.

Kuna watakaosema nataka kuwavunja wazee mifupa. La hasha! Kwanza daktari aulizwe, nyayo zikaguliwe kama zina vidonda, viatu vivaliwe, na mtu asimame karibu. Tena mazoezi haya hayaponyi neva wala hayachukui nafasi ya dawa. Yanamzoesha mgonjwa kufanya mawili pamoja mahali salama, kabla hajalazimika kuyafanya barabarani.

Wanafunzi wenzangu, kazi ya kusimama karibu ni yetu. Dakika kumi za jioni hazitatuangusha mtihani. Mshike Nyanya mkono, mwulize hesabu. Usishangae akikushinda!