Maziwa ya kopo: Kinachokatazwa ni matangazo, si maelekezo

Unga wa maziwa ya watoto wachanga unaouzwa katika makopo hutengenezwa viwandani kwa uangalifu mkubwa, lakini si bidhaa isiyo na vijidudu kabisa. Mwaka 2005, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuwa wazazi na watumishi wa afya waelezwe kwamba unga huo unaweza kuwa na vimelea vya magonjwa. Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), lilitoa mwongozo wa kuuandaa kwa usalama. Pamoja na hayo, walezi wengi wanaonunua kopo la kwanza hupata maelekezo ya jirani, ya muuza duka au ya makundi ya simu za mkononi kabla ya kukutana na mtaalamu.

Msimamo wa kitaalamu kuhusu lishe ya mtoto mchanga unafahamika. Mtoto anapaswa kupewa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vya nyongeza hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Hata kwa mama anayeishi na Virusi vya UKIMWI, WHO inashauri anyonyeshe huku akitumia dawa za kufubaza virusi kwa ufuasi mzuri. Hata hivyo, wapo watoto ambao mama zao wamefariki dunia, ambao mama zao wanatumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, au waliozaliwa na maradhi adimu yanayowazuia kutumia maziwa ya mama. Kwa hao, swali si kama watumie maziwa mbadala, bali ni jinsi ya kuyaandaa bila kuwadhuru.

Hapo ndipo dhana moja inapoleta madhara: kwamba kumweleza mlezi namna ya kuandaa maziwa hayo ni sawa na kuyanadi. Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Maziwa Mbadala, zilizopitishwa mwaka 1981, zinakataza kuyatangaza kwa umma na kugawa sampuli kwa mama. Tanzania nayo iliweka kanuni zake mwaka 1994 na kutoa nyingine mwaka 2013. Lakini Kanuni hizo za 1981 zinaelekeza pia kwamba watumishi wa afya waonyeshe kwa vitendo namna ya kumlisha mtoto maziwa hayo, kwa mama au wanafamilia wanaoyahitaji tu, na waeleze bayana hatari za kuyatumia isivyo sahihi. Kwa hiyo, kumwelekeza mlezi mwenye uhitaji si kuvunja kanuni, ni kuitekeleza.

Maelekezo yenyewe yanahusu joto na muda. Miongoni mwa vimelea vinavyoweza kuwamo katika unga ni Salmonella na Cronobacter. Hiki cha pili huweza kuishi muda mrefu katika unga mkavu, na kikimwingia mtoto kinaweza kusababisha homa ya uti wa mgongo. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi miwili, waliozaliwa kabla ya wakati na wenye uzito pungufu. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa WHO unataka unga ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, yaani yasikae zaidi ya dakika 30 baada ya kuchemka. Maji kidogo katika sufuria iliyo wazi hupoa mapema zaidi. Maji yaliyochemshwa jana usiku na kuhifadhiwa katika chupa ya chai huenda bado yana uvuguvugu, lakini uvuguvugu hauui vimelea.

Baada ya kukorogwa, maziwa hupozwa kwa kutumbukiza chombo katika maji baridi, na mlezi huyajaribu kwa kudondosha matone upande wa ndani wa kifundo cha mkono ili yasimuunguze mtoto. Yatumike ndani ya saa mbili, na yanayobaki yamwagwe. Kikombe kidogo kisicho na kona ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na chuchu yake. Chombo chochote kinachotumika kioshwe kwa sabuni na kuchemshwa.

Ushauri potofu aghalabu huja ukiwa na sura ya kubana matumizi. Mlezi huambiwa apunguze vijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Matokeo yake mtoto hushiba maji, hudhoofika, na chumvi ya mwilini ikishuka mno anaweza kupata degedege. Mwingine huambiwa aongeze unga ili mtoto anenepe, jambo linaloyatwisha figo changa mzigo zisizouweza. Asali nayo haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli.

Hatari hizi hazihusu mlezi mmoja mmoja tu. Mwaka 2006, baada ya mvua kubwa nchini Botswana, mlipuko wa kuhara uliua watoto wengi, na uchunguzi ulibaini kuwa wasionyonya ndio walioathirika zaidi. Nchini Marekani, kiwanda kimoja katika jimbo la Michigan kilipofungwa mwaka 2022 kutokana na hofu ya Cronobacter, maziwa yaliadimika, na mamlaka zikalazimika kuwaonya wazazi wasiyazimue wala kujitengenezea yao nyumbani. Utajiri wa nchi haukuzuia ushauri potofu kusambaa.

Mlezi anayepewa ushauri ana njia rahisi ya kuupima: aulinganishe na maelekezo yaliyo kwenye kopo, atafakari kama anayeutoa ananufaika na mauzo, kisha aende na kopo lenyewe kliniki ya mama na mtoto na kuomba aonyeshwe. Wajibu wa mtumishi wa afya ni kuanza kwa kuangalia kama unyonyeshaji unaweza kuendelea au kurejeshwa. Ikithibitika kuwa hauwezekani, achukue kikombe, maji ya moto na kijiko cha kupimia, na kumfundisha mlezi hadi aweze mwenyewe.