Ndege ya moteri moja iliyokwisha kutumika: bei ya kununua na bei ya kurusha

Tangu mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma hautumiki tena na ndege za abiria, na mwezi uliofuata Kavumu nayo ikafungwa. Huko Paris, mwisho wa Oktoba mwaka ule, rais Emmanuel Macron alitangaza kama Goma itafunguliwa kwa ndege za msaada. AFC/M23 ikapinga palepale. Katika hali hii wafanyabiashara wa Bunia, Beni na Butembo wamerudilia swali moja la zamani: kwa nini tusinunue kandege ketu wenyewe?

Swali lenyewe si la upuzi. Wakaaji wa Shabunda na Walikale wanajua tangu zamani kama sabuni, chumvi na dawa vinafika kwa petit porteur ao havifiki kabisa. Kule Kilambo, karibu na Walikale, ndege zilizoea kushuka juu ya kipande cha barabara ya lami ju kiwanja cha kweli hakikuwako. Mwenye ndege iko na nguvu. Lakini bei inayoandikwa kwenye matangazo ya intaneti njo sehemu ndogo ya hesabu, na wengi wanaanguka hapo.

Tuchukue Cessna 210. Ni ndege ya moteri moja ya pistoni, yenye nguvu karibu farasi 300, magurudumu yake yanaingia ndani, inakimbia kupita ndege nyingine nyingi za kipimo chake. Wamarekani wanahesabu kila ndege yenye moteri inayopita farasi 200 kuwa ya nguvu ya juu, na piloti anaombwa mafunzo ya ziada mbele ya kuishika. Nyingi za hizo 210 zilitengenezwa miaka ya 1960 na 1970; kiwanda kilisimamisha kuzitengeneza katika miaka ya 1980. Leo moja iliyotumika inaweza kuuzwa kwa bei ya lori kubwa jipya. Mtu anaona picha, rangi inang'aa, viti vya ngozi, anasema: hii ni bahati.

Shida ya kwanza ni esansi. Moteri ya pistoni haikunywi mafuta ya ndege kubwa, yale ya Jet A-1 yanayofanana na petroli ya taa. Inaomba avgas, esansi ya ndege yenye rangi ya buluu, na hiyo kwetu inakuja ndani ya fûts, kutoka mbali, kwa bei ya kuumiza. Kuna wanaojaribu kuweka esansi ya gari. Ile esansi ya vibidoni vya barabarani hakuna anayejua imechanganywa na nini, inageuka mvuke upesi kule juu, na kwa moteri nyingi za farasi 300 nguvu yake haitoshi: moto unawaka vibaya ndani ya silinda na pistoni inatoboka. Ndege ikiwa na moteri moja, hakuna ya pili ya kuomba msaada juu ya pori la Walikale.

Ni ju ya avgas hiyo, kwa sehemu kubwa, mashirika ya wamisionari kama MAF yaliegemea ndege za turbini kama Cessna Caravan, na Kodiak ya kule Idaho, Marekani, ilibuniwa kwa kufikiria kazi hiyohiyo: viwanja vifupi vya udongo na moteri inayokunywa Jet A-1.

Shida ya pili ni milima. Moteri ya pistoni isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, ju hewa inakuwa nyepesi. Bunia iko juu ya mita 1,200, Kavumu juu ya mita 1,700. Maana yake, ndege ya farasi 300 inaanza safari Kavumu ikiwa imebaki na kama farasi 250, na hiyo ni mbele ya jua la saa nane kuongeza yake. Muuzishaji wa Florida, kwenye bahari, anaposema ndege yake inaruka na watu sita, hasemi uongo. Anasema ukweli wa Florida.

Moteri inakufa kwa saa, lakini pia kwa miaka

Kila moteri ya ndege iko na kipimo cha saa ambacho kiwanda kinaomba ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Kwa Continental IO-520, iliyofungwa ndani ya Cessna nyingi za aina hii, ni saa 1,700 ao miaka 12. Neno hilo la miaka njo wanunuzi wanalisahau. Ndege iliyolala miaka nane chini ya mti, yenye saa 300 tu tangu matengenezo, inaonekana mpya kwenye makaratasi, kumbe kutu imekula shafti ya ndani. Mara nyingi moteri iliyoruka kila juma ni bora kuliko ile iliyofichwa.

Kwa Caravan, turbini ya PT6A-114A ni saa 3,600, na katikati, kwenye saa 1,800, sehemu ya moto inakaguliwa. Matengenezo hayo makubwa yanahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Tufanye mfano: fundi akiomba dola 360,000, gawanya kwa saa 3,600, ni dola 100 zinazopaswa kuwekwa pembeni kila saa ndege inaporuka, hata kama hakuna kitu kilichoharibika. Sasa mtu anauziwa Caravan yenye saa 3,000 kwa bei nzuri sana. Kwa hesabu yetu, amenunua pamoja nayo deni la dola 300,000. Muuzishaji anajua. Njo maana ya bei nzuri.

Kisha kuna mwili wa ndege wenyewe. Tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa huko Australia, Cessna T210M iliyokuwa ikifanya kazi ya kupima ardhi ilivunjika bawa la kuume ikiwa hewani. Watu wawili waliokuwa ndani walikufa. Uchunguzi ulionyesha ufa kwenye nguzo inayopita katikati ya ndege na kushika mabawa yote mawili. Ufa ule ulianzia kwenye kashimo kadogo ka kutu. Mwaka wa 2020 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatoa agizo la lazima la kukagua nguzo hiyo kwenye Cessna 210 nyingi. Kwa mnunuzi wa leo agizo hilo lina maana moja: kuomba karatasi inayoonyesha ukaguzi ulifanywa lini, na nani, na alikuta nini. Rangi mpya haionyeshi kitu hapo.

Karatasi hizo zinakaa ndani ya vitabu vya ndege, toka siku ilipotoka kiwandani. Ndege bila vitabu ni sawa parseli bila dokima: unaweza kuikalia, lakini siku moja mwingine atakuja na yake. Na fundi wa kukagua mbele ya kulipa asiwe yule anayeitunza kwa muuzishaji. Inaonekana jambo la wazi, lakini wengi wanakubali ripoti ya fundi wa nyumbani ju ya kubania dola elfu chache.

Ndege ya Marekani iko pia na dosie yake kule Oklahoma City, kwenye daftari la FAA, ambapo deni la benki linaweza kuwa limeandikwa juu yake. Mnunuzi asipotafuta, anaweza kulipa ndege ambayo benki ingali inaidai. Baadaye inafutwa katika daftari lile, inapewa hati ya kutoka, inavushwa bahari na tangi za ziada ao inafunguliwa na kuwekwa ndani ya konteneri mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, inapita duani, inafika mbele ya Autorité de l'aviation civile kwa kupewa herufi za 9Q za Kongo. Kila hatua iko na malipo yake. Asuranse ya eneo la vita nayo si ile ya eneo la amani, na hiyo peke yake inaweza kugeuza hesabu yote.

Zaidi, kuandikisha ndege si kuwa na ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo. Kwa hiyo inaombwa cheti cha kampuni, pamoja na mapiloti, mafundi na vitabu vya kazi. Makampuni yote yaliyopewa cheti na Kongo yako kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya waliokatazwa. Hilo halizuie kuruka kati ya Bunia na Beni, lakini wateja wanaolipa vizuri, kama mashirika ya misaada, wanafanya ukaguzi wao wenyewe na wanaangalia orodha hiyo. Anayenunua ndege akitegemea kandarasi za ONG aulize kwanza, mbele ya kutuma franka hata moja.

Goma haijasahau tarehe 24 Novemba 2019, wakati Dornier 228 iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka kwenye nyumba za watu mtaani Mapendo kisha tu kuruka, na zaidi ya watu ishirini wakafa. Ile ilikuwa na moteri mbili. Walio chini hawakununua tiketi.

Ndani ya hesabu hizi, kwa mfanyabiashara anayehitaji safari mbili tatu kwa juma, kukodi kunashinda kununua: deni la moteri linabaki kwa mwenye kampuni, na ndege ikikwama anaita nyingine. Wachache wakijiunga pamoja wanaweza kujaza Caravan bila kiti kubaki bure; tangi zake zikijaa, mzigo unaobaki ni chini ya tani moja, na tani moja ya bidhaa ghali inagawanyika vizuri kati ya watu wanne. Kitu cha kuomba kampuni ya kukodisha ni kilekile ambacho mnunuzi angeomba: cheti kisichoisha tarehe, asuranse ya abiria, saa za moteri. Kampuni inayokasirika kwa kuulizwa saa za moteri imekwisha kujibu.