Bando la Mwalimu Linalipwa na Nani?

Wasee, dadangu anafundisha sayansi sekondari ya chini hapa Bomeni. Jana saa nne usiku alikuwa bado kwenye simu, anatafuta maazimio ya kazi kwa grupu ya walimu ya WhatsApp. Akapata nini? PDF ya shilingi hamsini, lipa kwanza, na ndani jina la shule ya watu halijafutwa. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Sisemi grupu hazifai. Kuna mwalimu humo, hawajawahi kuonana, alimtumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu kuhusu kufundisha umeme bila maabara. Dhahabu! Ila ulikuwa umezikwa chini ya matangazo.

Na vya bure vipo. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ipo tangu 2002: unaunganisha betri, nyaya na balbu kwenye skrini. Ukishapakua, hutaki intaneti tena. Kolibri nayo, laptopu moja inagawia simu na tableti za darasa zima masomo bila bando. KICD wana Kenya Education Cloud, lakini hiyo inataka mtandao, na wa huku mpakani mnaujua, simu inakukaribisha Tanzania ukiwa kitandani kwako.

Chaki shule inanunua. Bando la kupakua je? Kwa sasa linatoka kwa pochi ya dadangu.

Jumamosi nampeleka saiba, tujaze flashi. Wewe mwenye waifai nyumbani, jirani yako mwalimu ni nani?