Tamko la Walimu wa Montessori Kuhusu Warsha ya Herufi za Msasa kwa Kiswahili

Sisi, walimu wa madarasa ya awali yanayofuata njia ya Montessori nchini Tanzania, tukiwa tumekutana katika mkutano mkuu wa chama chetu na kulijadili kwa kina pendekezo la warsha litakalowasilishwa kwa waandaaji wa kongamano lijalo la elimu ya Montessori, tumeazimia kutoa tamko hili kwa wazazi, walimu wenzetu, mamlaka za elimu na umma kwa jumla.

1. Chama kinapendekeza warsha moja. Itachukua saa tatu, na washiriki wake hawatazidi thelathini. Kila mshiriki atatengeneza kwa mikono yake herufi za msasa za Kiswahili, yaani herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye vibao ili mtoto azipitie kwa kidole, akianza na irabu tano, na atajifunza namna ya kumwonyesha mtoto herufi hizo. Warsha itaendeshwa kwa Kiswahili tangu salamu hadi kuagana.

2. Chama kinaukumbusha umma chanzo cha kifaa hiki. Tarehe 6 Januari 1907 Daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa watu wa kipato cha chini, na watoto waliopokelewa humo ni wale ambao wazazi wao walishinda kazini. Ulipofika wakati wa kuwaonyesha herufi, alitamani apate za mbao, zilizochongwa vizuri kama zile alizokuwa amezitumia kabla ya hapo kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Hakupata fundi wa kumtengenezea. Ndipo yeye na wasaidizi wake wakakata herufi kwa karatasi ya kawaida, na nyingine kwa karatasi ya msasa, wakazibandika. Kifaa ambacho leo kinauzwa ndani ya sanduku la mbao iliyopigwa vanishi, kwa bei isiyofikiwa na shule nyingi za vijijini, kilizaliwa mezani, kwa mkasi na gundi, kwa sababu fundi hakupatikana. Kwa hiyo mwalimu anayekata msasa kwa ajili ya watoto wake asidhaniwe kuwa anaiga kifaa halisi, kwa maana hivyo ndivyo kilivyoanza.

3. Watoto wa San Lorenzo, wengi wao wa miaka minne na mitano, walianza kuandika mapema kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo hutajwa kwa nadra: Kiitaliano huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Mtoto akishaijua sauti na umbo lake, neno liko mkononi mwake. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo, pengine hata zaidi. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki. A ya baba ndiyo a ya kaka na ndiyo a ya maji. Mtoto wa Kiswahili amepewa bure jambo ambalo mtoto wa Kiingereza hulitafuta kwa miaka. Hata hivyo vifaa vya lugha vinavyonunuliwa nje, ambavyo baadhi ya madarasa yetu hutegemea, vimepangwa kwa kufuata ugumu wa Kiingereza. Vinaanza na maneno ya konsonanti, irabu, konsonanti, wakati maneno ya asili ya Kiswahili hayaishii kwa konsonanti.

4. Mwanachama wetu mmoja ameueleza mkutano jambo lililotokea darasani mwake. Kisanduku cha sauti kilichotoka nje kilikuwa na vinyago vidogo vya kupangwa chini ya herufi. Mtoto wa miaka minne alimtoa bata wa plastiki, akamtazama, akasema taratibu, "bata". Akaitafuta herufi b kwenye mkeka, akaipitisha vidole viwili, kisha akamweka bata pale. Alikuwa ametimiza yote aliyofundishwa: alilisikiliza neno linavyoanza, akaitambua sauti, akaipata herufi. Mwalimu, akifuata karatasi ya maelekezo, alimwondoa bata na kumhamishia kwenye d, kwa kuwa kwa Kiingereza bata ni "duck". Mtoto hakubisha. Aliurudisha mkeka mahali pake na hakukigusa tena kisanduku hicho wiki ile. Mwalimu huyo ndiye aliyetusimulia, tena kwa majuto. Chama kinatamka kwamba mtoto alikuwa sahihi, na kilichokosea ni kisanduku.

5. Kinyume cha dhana iliyoenea kwamba ni rahisi, Kiswahili kinamdai mwalimu maarifa yake ya pekee, na hapa ndipo warsha itatumia muda mwingi. Ngoma na ng'ombe huanza kwa sauti mbili tofauti, na vibao vya msasa lazima vizitenganishe. Ch, sh, ny, dh, th na gh zinahitaji vibao vyake, kila jozi ibandikwe pamoja ili mtoto aipitie kama sauti moja. Lipo pia suala la mbu na mbuzi. Mtoto akipiga makofi kwa silabi, maneno yote mawili humpa makofi mawili: m-bu, mbu-zi. Katika neno la kwanza m imesimama peke yake na kubeba silabi nzima. Katika la pili imeshikamana na b. Mtoto hulisikia jambo hili bila kuambiwa. Mwalimu aliyesomea njia hii kwa Kiingereza hakufundishwa kulisikiliza, na kuna hatari amsahihishe mtoto mahali asipokosea. Vivyo hivyo mwalimu aliyezoea kuimbisha ba be bi bo bu hana budi kujifunza kuitaja sauti ya m kwa midomo iliyofumbwa, bila kuiongezea irabu.

6. Chama hakikubaliani na wanaodai kwamba kutengeneza vifaa hapa nchini ni ruhusa ya kutengeneza ovyo. Vifaa vya Montessori humwonyesha mtoto kosa lake bila mwalimu kufungua kinywa, na kwa sababu hiyo usahihi wake hauna mjadala. Mnara wa waridi una vipande kumi vya mchemraba, kuanzia sentimita 1 hadi sentimita 10 kila upande. Kipande kimoja kikikosewa, mnara mzima unamdanganya mtoto. Kazi hiyo ni ya fundi seremala mwenye kipimo na msumeno mzuri, na chama kitawaalika mafundi katika warsha nyingine. Herufi za msasa, kwa upande wake, mwalimu anaziweza, akizingatia masharti. Msasa ukiwa mkali mno, kidole hakitarudi mara ya pili. Ukiwa laini mno, hakihisi kitu. Kingo za herufi zikibanduka zinapochezewa, kazi yote imepotea. Irabu zikae kwenye vibao vya buluu na konsonanti kwenye vya waridi. Mwandiko uwe mmoja kwa seti nzima, kwa kuwa njia anayopita mtoto kwa kidole leo ndiyo atakayoipita kwa kalamu kesho.

7. Kuhusu lugha ya warsha, chama kimewahi kushauriwa na waandaaji wa kongamano mojawapo kuwasilisha mada ya namna hii kwa Kiingereza ili iwafikie watu wengi. Chama kinauheshimu ushauri huo na kinaukataa. Somo lenyewe ni sauti za Kiswahili, na haliwezi kufundishwa kwa kuzungumzia habari zake katika lugha nyingine. Isitoshe, Daktari Montessori mwenyewe, alipokwenda India mwaka 1939 kufundisha walimu, alifundisha kwa Kiitaliano na mwanawe Mario akatafsiri. Hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo aliwanyima wasikilizaji wake chochote. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za awali na za msingi za umma nchini Tanzania. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani kwa azimio la mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi. Lugha yenye hadhi hiyo haiwezi kuombewa ruhusa ya kuingia katika chumba cha warsha. Wageni wasioijua watakaribishwa, na chama kitawatafutia wakalimani kwa gharama yake.

8. Chama kinatambua kwamba baadhi ya wanachama wake hufundisha katika shule zinazotumia Kiingereza. Hakuna anayewanyang'anya vifaa vyao. Hata hivyo watoto wao nao hutoka nyumbani wakisema bata, na walimu hao wamekuwa miongoni mwa waliolitetea pendekezo hili kwa nguvu zaidi mkutanoni.

9. Kwa kuzingatia hayo yote, chama kimeazimia:

Kwanza, kuwasilisha pendekezo kwa waandaaji wa kongamano kwa Kiswahili, likiambatana na tafsiri ya Kiingereza kwa manufaa ya wasiojua Kiswahili. Nakala yenye uzito ni ile ya Kiswahili.

Pili, kuwaomba waandaaji waitengee warsha chumba chenye meza, maji ya kunawia gundi na mwanga wa kutosha. Jukwaa na vipaza sauti havihitajiki.

Tatu, kuziomba mamlaka za elimu zitume mwakilishi atakayekaa mezani na kukata herufi pamoja na walimu.

Nne, endapo nafasi haitapatikana katika ratiba ya kongamano, warsha itafanyika wiki hiyo hiyo katika darasa la mmoja wa wanachama, kwa saa zile zile na kwa lugha ile ile, na chama kitawatangazia walimu mahali.

10. Kila mshiriki anaombwa aje na mkasi, penseli na vibao vitano vya mbao nyembamba au kadi ngumu, vikiwa vimepakwa rangi ya buluu na kukauka. Msasa na gundi vitatolewa na chama. Atakayemaliza irabu zake kabla ya saa tatu kwisha ataanza na m.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.