KIFURUSHI CHA MANDERA NACHO NI KIFURUSHI

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha mpaka ikachakaa, lakini wengi wetu hatujawahi kujiuliza: je, kupokea barua au kifurushi ni haki ya kila mwananchi, ama ni anasa ya anayekaa karibu na lami? Mimi nasema ni haki. Na katika makala haya, ndugu msomaji, nakusudia kueleza ni kwa nini serikali haifai kuwaachia wafanyabiashara peke yao jambo hili, wachague watakakofika na bei watakayotoza.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Hapo kale huko Uingereza, mara nyingi aliyelipia barua hakuwa mtumaji bali mpokeaji, na bei ilipanda kadiri barua ilivyosafiri mbali. Barua ya kutoka London hadi Edinburgh ilizidi shilingi moja ya wakati huo, na hiyo haikuwa pesa ya mchezo kwa kibarua. Mwaka wa 1837 bwana mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, Rowland Hill, aliandika kijitabu akionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Alisema kinachoifanya barua iwe ghali si umbali. Barua elfu moja zikiwa ndani ya gunia moja, gari ni lile lile. Gharama kubwa ni kuipokea barua, kuikadiria bei, kuiandika daftarini na kumfuata mpokeaji mlangoni alipe. Akapendekeza bei moja kwa nchi nzima, tena ilipwe mapema na mtumaji.

Mwaka wa 1840 bei ya peni moja ikaanza, na stampu ya kwanza ya kubandika ikatolewa. Katika mwaka huo mmoja idadi ya barua iliongezeka zaidi ya mara mbili. Ni kweli kwamba mapato ya posta yalishuka na yalichukua miaka mingi kurudi yalikokuwa. Lakini kijana aliyekwenda kutafuta kazi kiwandani sasa aliweza kumwandikia mamake bila kumtia hasara. Wazo hilo likavuka mipaka. Mwaka wa 1874 nchi 22 zilikutana mjini Bern, Uswisi, zikaanzisha umoja ambao leo unaitwa Umoja wa Posta Duniani. Kenya ilijiunga mwaka wa 1964, punde tu baada ya uhuru. Kwa hivyo tusidhani kwamba huduma ya posta kwa wote ni ndoto ya mwanafunzi. Ni ahadi ambayo nchi yetu iliitia sahihi kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa.

Sasa tuje nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu. Huduma hizi mbili zilikula chungu kimoja, na simu iliyoleta pesa ingeweza kumbeba mwenzake. Kisha sheria ya 1998 ikalipasua shirika hilo mara tatu, na mwaka wa 1999 kila mmoja akaenda zake: Telkom Kenya ikachukua simu, Shirika la Posta likachukua barua, na Tume ya Mawasiliano ikawa mdhibiti wa wote. Mdhibiti huyo sasa anaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Posta iliachiwa wajibu wa kuhudumia nchi nzima, mjini na mashambani. Ili imudu mzigo huo, ilitengewa barua za uzito wa hadi gramu 350, utoaji wa stampu na ukodishaji wa masanduku.

Wakati ule hesabu hiyo ilielekea kuwa ya haki. Nani angedhani barua zingepungua? Lakini mwaka wa 2007 M-Pesa ilianza, na hawala za posta ambazo wazee wetu walizipangia foleni zikakosa wateja. Salamu zikahamia kwenye simu. Fomu nyingi za shule na vyuo sasa tunazitoa kwenye intaneti. Kumbe mali ambayo Posta ilitengewa ndiyo ilikuwa inayeyuka mkononi kama barafu.

Hapo ndipo mtu atauliza, "Basi kama barua zimeisha, posta ni ya nini?" Swali zuri. Jibu langu ni fupi: pesa hupita katika simu, lakini kiatu hakipiti. Kitabu hakipiti. Dawa, miwani, vipuri vya cherehani na mbegu za mboga havipiti. Tena simu yenyewe ndiyo imezidisha vifurushi, maanake mtu huona bidhaa kwenye kioo akiwa kijijini, akaitaka, na muuzaji yuko Nairobi. Barua imepungua, kifurushi kimekua. Ila ile kanuni ya bei moja kwa nchi nzima haikukifuata kifurushi. Ilibaki imebandikwa kwenye bahasha.

Hebu tazama hali ilivyo. Vifurushi vingi hubebwa na kampuni za mabasi na kampuni binafsi za usafirishaji. Sizilaumu kwa kufanya biashara. Zimeajiri watu na kati ya miji mikubwa zinafika upesi, pengine mzigo ukitoka asubuhi jioni uko kwa mwenyewe. Lakini hazina wajibu wa kufika kila mahali. Zinakwenda kwenye watu wengi na barabara nzuri. Kule kwenye watu wachache na mchanga mwingi, ama haziendi, ama zinatoza bei ya kumtoa mtu jasho. Kwa maneno mengine, wao huchukua mnofu na kuiachia Posta mfupa, kisha tunaishangaa Posta kwa nini imekonda.

Nitatumia mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke. Tuseme kufikisha kifurushi kidogo ndani ya Nairobi kunagharimu shilingi 100, na kukifikisha kijiji kilicho nje ya mji wa Mandera, kilomita kama 1,000 kutoka Nairobi, kunagharimu shilingi 600. Tuseme tena kwamba kwa kila vifurushi tisa vya Nairobi kuna kimoja cha Mandera. Jumla ya gharama ni shilingi 1,500 kwa vifurushi kumi, yaani shilingi 150 kila kimoja. Wa Nairobi akiongeza shilingi 50, wa Mandera anapunguziwa 450. Hiyo ndiyo siri ya bei moja: wengi huchangia kidogo ili wachache wasiumie sana. Lakini akija mfanyabiashara asiye na wajibu wowote, akawaambia wa Nairobi, "Njooni kwangu, mimi ni shilingi 120," wote watamkimbilia. Posta itabaki na kile kimoja cha shilingi 600. Hesabu hii haihitaji profesa. Ndiyo sababu soko huria pekee haliwezi kufikisha mzigo kila mahali, hata likiwa na watu waadilifu namna gani.

Tusisahau pia kwamba bei si jambo la pekee. Kuna mama mmoja mtaani kwetu anayesuka vyondo. Mwaka jana alituma vyondo kwa mteja kupitia kampuni moja ya mabasi, ambayo sitaitaja. Mzigo haukufika. Alipokwenda kuulizia alionyeshwa nyuma ya risiti, ambapo paliandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama sisimizi, kwamba kampuni haitalipa zaidi ya kiasi fulani hata mzigo uwe wa thamani gani. Kiasi chenyewe hakikutosha hata kununua nyuzi. Yeye husoma Kiswahili vizuri sana, lakini hakuna aliyemwandikia kwa Kiswahili. Sasa chukua Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma bora, haki ya habari za kumwezesha kufaidika na huduma hiyo, na haki ya kufidiwa kwa hasara. Tena kinahusu mashirika ya umma na watu binafsi pia. Haki ziko. Kilichopungua ni mwenye kuzisimamia pale kwenye kaunta.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Hata Wazungu wameacha." Ni kweli kwamba Denmark, nchi iliyoanzisha posta yake mwaka wa 1624, ilifuta wajibu wa posta kwa wote mwanzoni mwa 2024, na mwishoni mwa 2025 shirika la PostNord likaacha kabisa kusambaza barua huko. Lakini tusiige tembo kwa kunya. Denmark ni nchi ndogo, ambayo watu wake karibu wote hupokea barua za serikali kwa kompyuta au simu. Na hata huko kampuni nyingine ilichukua kazi ya barua, na PostNord haikuacha vifurushi. Iliacha kile ambacho watu wake hawakukihitaji tena. Sisi tukiacha, tutaacha kile ambacho watu wetu hawajawahi kukipata sawasawa.

Wengine watasema dawa ni kuibinafsisha Posta. Hapa nawaomba waitazame Uingereza. Royal Mail ilianza kuuzwa mwaka wa 2013, na leo imo mikononi mwa tajiri kutoka nje, lakini sheria haikuiachilia. Bado ni lazima ifikishe barua kila pembe ya nchi kwa bei moja. Ilipotakiwa kufikisha asilimia 93 ya barua za daraja la kwanza kwa siku moja ya kazi, ikafikisha kama asilimia 77 tu, mdhibiti wao aitwaye Ofcom aliitoza faini ya pauni milioni 21 mwezi wa Oktoba 2025. Funzo ni kwamba mwenye mali anaweza kuwa serikali au tajiri, lakini wajibu uandikwe, upimwe, na anayeuvunja aumie mfukoni. Mdhibiti asiye na meno ni sawa na mbwa wa kuchorwa ukutani.

Nisije nikalalamika tu bila kutoa ushauri. Mimi napendekeza mambo manne. La kwanza, ile kanuni ya bei moja itoke kwenye bahasha ifike kwenye kifurushi kidogo, tuseme cha hadi kilo mbili, kwa nchi nzima. Kikubwa zaidi ya hapo kiachiwe soko.

La pili, pengo la gharama lisibebwe na Posta peke yake. Tayari ipo Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni zenye leseni huichangia. Tumezoea kuisikia katika milingoti ya simu na intaneti ya shule, na hilo ni jema. Sehemu yake iende kwenye njia za vifurushi za sehemu ambazo hazina faida. Njia hizo zitangazwe wazi, na atakayetaka ruzuku ndogo zaidi kwa kazi nzuri apewe, awe Posta au mwenye basi.

La tatu, kila wadi iwe na mahali pa kupokelea. Si lazima lijengwe jengo la mawe. Duka, shule au wakala wa M-Pesa anaweza kufanya kazi hiyo kwa malipo. Mwaka wa 2016 ulizinduliwa mpango wa MPOST wa kutumia nambari ya simu kama anwani ya posta, nao ni wa kusifiwa kwa sababu wengi wetu hatuna sanduku wala nyumba zetu hazina nambari. Lakini ujumbe wa kukuambia kifurushi chako kimefika mji ulio kilomita 80 kutoka kwenu haukupunguzii nauli.

La nne, kila kaunta ibandike bei, muda wa kufika na kiasi cha fidia, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo nyanya yangu anaweza kuzisoma. Na Mamlaka ichapishe kila mwaka ni nani alifika kwa wakati na nani alichelewa, kaunti kwa kaunti.

Wanafunzi wenzangu, jambo hili si la wazee peke yao. Mtahiniwa wa Elwak na mtahiniwa wa Nairobi watafanya mtihani mmoja, siku moja, saa moja. Karatasi haitamuuliza mtu anakotoka. Iwapo kitabu cha fasihi anachohitaji wa Elwak kiko Nairobi, na nauli ya kitabu inazidi bei ya kitabu chenyewe, basi mashindano hayo yamekwisha kabla kengele kulia. Na sisi tulio karibu na lami tusinyamaze kwa kuwa mzigo wetu unafika. Shilingi chache tutakazoongeza ndizo zitakazompelekea mwenzetu kitabu.

Naam, nakunja jamvi. Barabara zote zijengwe, simu zote zilie, lakini mpaka kifurushi cha Mandera kipewe heshima sawa na cha Nairobi, tusiseme kwamba tumeunganisha nchi. Mwenye masikio na asikie.