Msajili Si Mhakiki

Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka. Ndani yake waligusa mambo ya nchi: watu kupotea, uhuru wa kusema, katiba mpya. Wiki chache baadaye ikaanza kuzunguka mitandaoni barua ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, ikiwapa siku 10 wauondoe waraka wao. Waziri akajitokeza akaikana barua, msajili akasimamishwa kazi, watu wakacheka, yakaisha.

Mimi sikucheka sana. Barua ilikanwa, sawa, lakini meza iliyoandikiwa ilibaki palepale, na faili lilibaki kabatini. Kuna mtu aliyekaa, akasoma maandishi ya wenzake aya kwa aya, akaona hayafai, kisha badala ya kuandika kwa nini hayafai akaandika tarehe ya mwisho. Sisi hapa tunaofanya uhakiki kila wiki tungekuwa na uwezo huo, wadau, washairi wangapi wangesalimika? Mimi mwenyewe ningekuwa nimeshawapa siku 10 zisizopungua watunzi sita.

Kuna wasomaji watauliza blogu ya vitabu inatafuta nini makanisani. Jibu langu ni kwamba hotuba ya Ijumaa, mahubiri ya Jumapili, shairi, tamthilia na makala hii vyote vinaingia katika mlango mmoja wa serikali, na mlinzi wa mlango huo ni mmoja. Ukishamzoea akimkagua sheikhe, siku akikugeukia wewe na diwani yako utakuwa huna hoja. Na mlinzi huyo hana haja ya kubishana na maneno yako. Anaulizia karatasi.

Chukua Kenya mwaka 1988. Uchaguzi wa mlolongo ule, watu wanajipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, foleni ndefu inatangazwa imeshindwa na fupi imeshinda. Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa na jarida lake likiitwa Beyond. Jarida likayaandika yaliyotokea. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akafikishwa mahakamani, na kosa lililomtia hatiani halikuwa uongo. Hakuna aliyesimama kizimbani kuthibitisha kwamba foleni fupi ilikuwa ndefu. Kosa lilikuwa kutowasilisha taarifa za mwaka za mauzo ya jarida. Akahukumiwa kifungo cha miezi tisa. Kwa hesabu za mauzo, jamani!

Hiyo ndiyo hila ninayoizungumzia. Ukimfunga mtu kwa maneno yake, unayapa maneno hayo heshima. Watu watataka kuyasoma. Ukimfunga kwa fomu, unamfanya aonekane mzembe tu, mtu asiyejua kujaza karatasi, na jirani yake anatikisa kichwa: "Si angezijaza tu?"

Hila hii hatukuibuni sisi. Sheria ya Jumuiya tuliyonayo Tanzania inatokana na sheria ya mkoloni ya mwaka 1954. Mwaka huohuo TANU ilizaliwa, ikabidi iombe usajili kwa watu ilewale iliokuja kuwaondoa, na matawi yake kadhaa katika Jimbo la Ziwa yakanyimwa. Mwaka 1958 Nyerere akashtakiwa kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU akiwasema mabwana wilaya wawili. Akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa. Maana yake ni kwamba Baba wa Taifa aliingia Ikulu akiwa na hukumu ya makosa ya uandishi. Ungetegemea nchi iliyoanzishwa na mtu wa namna hiyo iichome moto ile sheria usiku wa Uhuru. Haikuchomwa. Ilirithiwa kama nyumba ya serikali, na samani zake zote.

Halafu tuna Katiba. Ibara ya 19 inasema kuabudu na kutangaza dini ni hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maneno mazuri. Lakini sentensi yenyewe imetanguliwa na kirai kidogo kinachoziachia nafasi sheria zinazohusika. Walimu wa sarufi mliomo humu mnajua kirai kinavyoweza kuibeba sentensi nzima mgongoni na kuondoka nayo. Sheria inayohusika ni ipi? Ni ileile ya 1954, imevalishwa kanzu mpya.

Naomba nitoe la kwangu, dogo tu. Tulikuwa watu watatu na blogu moja ya hadithi fupi na mashairi, wengi wa waandishi wetu wakiwa wanafunzi. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: shilingi 100,000 ya maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine ya kila mwaka. Ukichapisha bila leseni, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. JamiiForums wenyewe, pamoja na ukubwa wao, walizima mtambo kwa muda mwezi Juni. Sisi mapato yetu ya mwaka mzima yalikuwa sifuri. Dada aliyekuwa akihariri mashairi alituuliza: sasa shairi la beti nane linalipiwa leseni ya nini? Hatukuwa na jibu, tukafunga. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye. Waandishi wetu wale hawakurudi; wengine wanauza vifurushi, mmoja ni karani wa mahakama, na hakuna aliyeandika tena. Hakuna polisi aliyetugonga mlangoni, wala mtu hakututisha. Ndiyo maana hata leo nikisimulia naonekana kama nalalamikia bei.

Sasa tuje kwenye jambo linalonipa tabu. Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alifuta usajili wa kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, siku chache baada ya askofu huyo kulaani hadharani utekaji wa watu. Sababu iliyotolewa ni kwamba mahubiri yake yana mwelekeo wa siasa na yanawachonganisha wananchi na serikali yao. Waumini wakakuta polisi kwenye kanisa lao.

Mimi si shabiki wa Gwajima. Mwaka 2021, watu wakizikwa kwa Uviko, alisimama madhabahuni akaipinga chanjo, na mimi ndugu zangu walimsikiliza. Siku ile nilikasirika kiasi cha kutamani mtu amzimie kipaza sauti. Nakiri hivyo kwa sababu nadhani wengi wetu tuna Gwajima wetu, mtu ambaye akinyamazishwa tungelala usingizi mzuri. Lakini hebu isome ile sababu kama unavyosoma maandishi mengine yoyote. "Mwelekeo wa siasa" ni nini? Nabii Nathani alipoingia kwa Mfalme Daudi na ule mfano wa mwanakondoo wa maskini, alikuwa anahubiri au anafanya siasa? Na Musa mbele ya Farao? Ukiyatoa mahubiri yote yanayowagusa wenye madaraka, huna Taurati, huna Injili, huna Kurani. Unabaki na matangazo ya harambee.

Na ingekuwa kweli kuna kosa la jinai katika mahubiri yale, mashtaka yangefunguliwa, ushahidi ungeletwa, hakimu angesikiliza pande mbili. Kufuta usajili hakuhitaji lolote kati ya hayo. Zaidi, kunamwadhibu mwingine kabisa: mama wa Jumapili aliyekwenda kuombea mguu wa mtoto wake, ambaye utekaji na mambo ya Bunge hata hakuyasikia.

Hapa wasomaji wangu Waislamu wananitazama kwa jicho la pembeni, na wana haki. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa, mpaka Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Kelele za Ufufuo na Uzima zilijaza mitandao wiki nzima. Kwa masheikh, sisi watu wa kalamu tuliandika nini? Nimepekua kumbukumbu za blogu hii. Makala moja, mwaka 2019, nayo ilihusu ushairi wa Kizanzibari na iliwataja katika sentensi ya mwisho. Wanaodhani uhuru wa dini ni mali ya dini yao ndio wanaomrahisishia kazi msajili.

Najua swali linalokuja, kwa sababu huulizwa kila mahali mjadala huu ukifika: na Shakahola je? Ni swali halali, na anayelipuuza hafai kusikilizwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga kula mpaka kufa ili wakamwone Yesu, watoto wakiwemo. Mhubiri wao ni Paul Mackenzie. Tangu hapo, kila anayetaka dini zidhibitiwe analitaja jina hilo na mjadala unakufa.

Basi tulitazame vizuri. Kanisa la Mackenzie lilikuwa limesajiliwa. Lilikuwa na cheti chake, ambacho kilifutwa makaburi yakiwa yameshafukuliwa. Mackenzie mwenyewe alishakamatwa zaidi ya mara moja tangu 2017. Machi 2023, baada ya vifo vya watoto wawili, alikamatwa tena, akaachiwa kwa dhamana. Watu walikuwa wametoa taarifa. Kwa hiyo kilichokosekana Shakahola si fomu. Kumwua mtoto kwa njaa ni kosa katika kila kitabu cha sheria, liwe limefanywa na mchungaji, mganga au baba mzazi, na halihitaji msajili ili litambuliwe. Lilihitaji polisi wa kuingia msituni mapema.

Jibu la serikali likawa nini? Kuunda kikosi kazi, ambacho mwaka 2024 kilipendekeza sheria mpya ya kuzisimamia taasisi za dini. Kikosi hicho kiliongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa NCCK, baraza lilelile la jarida la Beyond. Sisemi zaidi. Rwanda wao walitangulia: sheria ya 2018 inataka viongozi wa makanisa wawe na shahada, na maelfu ya nyumba za ibada zimefungwa. Petro mvuvi wa Galilaya angeambiwa akamalizie kwanza kidato cha sita.

Sisemi serikali ikae mbali na kila kitu chenye msalaba au mwezi juu ya paa. Jengo likiwa na nyufa, lifungwe. Sadaka ikiibwa, mwizi ashtakiwe. Spika zikipigwa saa nane usiku, mimi ni wa kwanza kwenda kwa mtendaji wa mtaa. Mtu akisema "kachomeni nyumba ya fulani," huyo ameshaacha kuhubiri na kuandika. Katiba ya Kenya yenyewe, ibara ya 33, imeshalitenga neno la uchochezi wa vurugu na chuki, na mahakama zipo. Katika yote hayo serikali inashughulika na tendo au na hatari inayoonekana. Inapoanza kuuliza kama mahubiri yana "mwelekeo," au shairi lina "maadili," imetoka kwenye kazi yake ikaingia kwenye yetu, na haina sifa za kazi hiyo.

Na uhakiki wake hauna hata kumbukumbu nzuri. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa kijitabu chake Kenya: Twendapi? Gerezani akatunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi iliyoitwa Jomo Kenyatta, jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kijitabu kiliuliza swali, na badala ya jibu likaja pingu. Swali bado halijajibiwa, miaka zaidi ya 50.

Aprili 2025 swali kama hilo liliulizwa na watoto wa shule. Wasichana wa Butere walikuwa na tamthilia, Echoes of War, iliyotungwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe kuigiza katika tamasha la taifa. Kwa hiyo karatasi walikuwa nayo, tena ya juu kabisa. Walipofika Nakuru wakakuta polisi, mtunzi wao amekamatwa na watu waliokuja kutazama wanafukuzwa kwa mabomu ya machozi. Wakapanda jukwaani. Hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, ambao kwa Kenya ni sala kuanzia neno la kwanza, kisha wakashuka na kuondoka.