Fundi Asilaumiwe Bure

Ndugu wafanya kazi wa Matungu,

Mtambo wa elektroniki ukikwama, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Lakini amepewa nini? Mita ya volti tu! Mita huonyesha kwamba umeme upo. Haisomi ishara za 0 na 1 zipitazo maelfu kwa maelfu kila sekunde. Analaiza ya lojiki huchora ishara za nyaya nyingi pamoja, ukaona ni ipi iliyochelewa. Hewlett-Packard ya Marekani iliitoa mwaka 1973, mwaka ule ule kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa. Si jambo geni. Basi katika mapatano yajayo tudai mawili: chombo na mafunzo. Asiyepewa chombo asikatwe mshahara.

Umoja ni nguvu.